Mkebe wa Biskuti wa Kiholanzi na Yaliyomo Ndani Yake

Katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani twazoea kunena habari za usafi wa maji, za mavazi ya watoto na za kuweka akiba. Mwezi huu twapenda kunena habari za kitu ambacho pengine mtu hudhani hakistahili kuandikwa gazetini, nacho ni mkebe wa biskuti. Hasa ile mikebe ya zamani iliyotoka Uholanzi, yenye picha za vinu vya upepo, mashua, na wanawake waliovaa kofia nyeupe.

Sababu ya kunena ni hii. Nyumba nyingi za huku kwetu, tangu Ilboru hata Akeri na Nkoaranga, zina mkebe wa namna hii juu ya kabati au chini ya kitanda cha bibi. Biskuti zake zilikwisha zamani, wala hapana akumbukaye ladha yake, lakini mkebe ungalipo. Na siku hizi kuna watu Ulaya na Marekani waikusanyao mikebe ya zamani, nao huinunua kwa fedha. Tena kuna vijana wapitao mitaani na mikokoteni, wanunuao vyuma chakavu kwa kilo. Basi mkebe wa bibi umepata wateja wawili, na mwenye nyumba asiyejua habari zake aweza kuutoa kwa yeyote kati yao kabla ya kuufungua. Kwa hiyo twataka kueleza ulikotoka, alama za kuujua umri wake, na jinsi ya kuutunza pamoja na vilivyomo.

Biskuti ina adui wawili, unyevu na kuvunjika. Ikikaa wazi siku moja ya mvua hulegea, na ikisafirishwa ndani ya mfuko hufika unga. Katika mji wa Reading, Uingereza, mwokaji jina lake Joseph Huntley alifungua duka mwaka 1822, akiwauzia biskuti abiria wa magari ya farasi waliokuwa wakipita mjini. Mwanawe mmoja alikuwa na duka la vyombo vya chuma, naye akamtengenezea baba yake mikebe ya kuhifadhia. Nyumba ile ya biashara baadaye ikajulikana duniani kwa jina la Huntley & Palmers.

Mkebe wenyewe ni chuma chembamba kilichopakwa pande zote mbili madini meupe yaitwayo bati. Chuma hutoa nguvu, na bati huzuia kutu. Hapo kwanza wenye viwanda walibandika karatasi juu ya mikebe ili kuonyesha jina lao. Lakini mwaka 1875 Robert Barclay wa Uingereza alipata haki ya uvumbuzi kwa njia ya kupiga chapa picha za rangi juu ya bati. Picha ilitoka katika jiwe la chapa, ikapita juu ya mche wa mviringo, ndipo ikashika juu ya bati. Tangu hapo mkebe ukawa na uzuri wa picha ya ukutani, na watu wakaanza kuuweka hata baada ya kula kilichokuwamo.

Sasa tuwatazame Waholanzi. Nchi yao ni nchi ya maji. Sehemu kubwa yake iko chini ya usawa wa bahari, na hewa yake ina unyevu mwingi. Kwa hiyo chombo chenye kifuniko kinachobana kilikuwa na kazi kubwa katika jiko la mama wa Kiholanzi. Wana mkate mdogo wa mviringo, mkavu sana, uokwao mara mbili, uitwao beschuit. Nao huuwekea mkebe wake mrefu wa mviringo, ili mikate ile ipangwe mmoja juu ya mwingine isivunjike. Mtoto akizaliwa, wageni wajao kumwona mama hupewa mkate huo, umepakwa siagi na kunyunyizwa mbegu za anisi zilizovikwa sukari ya rangi. Sisi tumpelekeao mzazi mtori twaweza kuifahamu desturi hiyo bila mkalimani.

Wana tena biskuti ya viungo iitwayo speculaas, ambayo huliwa hasa siku za Mtakatifu Nikolao, mwanzo wa Desemba. Hutiwa mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi, yaani vile vile viungo avijuavyo kila mama wa pwani. Na unga wake hukandamizwa katika kibao kilichochongwa, ukatoka na sura ya mtu au ya kinu. Katika mji wa Gouda hufanywa stroopwafel, yaani vipande viwili vyembamba vilivyogandamana kwa sukari nzito iliyoyeyushwa. Mlaji huweka kipande juu ya kikombe cha chai ya moto, mvuke ukakilainisha, ndipo hukila.

Mtu aliyesifika sana kwa biashara hii ni Ericus Verkade, ambaye mwaka 1886 alianzisha kiwanda cha mikate na beschuit katika mji wa Zaandam, penye vinu vingi vya upepo. Mikebe yenye jina la Verkade ni miongoni mwa ile inayotafutwa sana na wakusanyaji. Wala si ajabu, maana kampuni hiyo yenyewe iliwazoeza watu kukusanya. Mwaka 1906 ilianza kutoa vitabu vya mwalimu Jac. P. Thijsse juu ya ndege, miti na maua, vikiwa na nafasi tupu katika kurasa zake. Anunuaye biskuti alipata picha ndani ya paketi, akaibandika mahali pake, hata kitabu kikajaa. Watoto wengi wa Uholanzi walijifunza majina ya ndege wao kwa njia hiyo.

Na hatuwezi kuuacha mkebe wa kakao wa Droste, wa mji wa Haarlem, ndugu wa mikebe ya biskuti. Juu yake pana picha ya mwuguzi amebeba sinia; juu ya sinia pana mkebe, na juu ya mkebe huo pana mwuguzi yule yule amebeba sinia, na hivyo hivyo hata jicho lishindwe. Mwalimu atakayeupata aufikishe darasani, maana hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kuwaonyesha watoto kitu kisicho na mwisho.

Je, vitu vya Waholanzi vilifikaje Meru? Watu wa kwanza wa ukoo wa Kiholanzi kukaa kwetu walikuwa Makaburu. Vita yao na Waingereza kule Afrika ya Kusini ilikwisha mwaka 1902, na miaka michache baadaye jamaa kadhaa walifika na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, Wadachi wakawapa mashamba kando ya mlima Meru. Lugha yao ni mtoto wa Kiholanzi, na chakula chao cha safari kilikuwa mkate uliokaushwa, nao huuita beskuit, ambalo ni neno lile lile. Wazee wetu waliwajua kwa mema na kwa machungu, maana habari ya ardhi ya Meru haikuwa habari njema. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili walowezi wapewe nchi ile, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwanenea watu wake. Makaburu wengi walikwisha ondoka. Lakini Waholanzi wengine walifuata baadaye kwa kazi ya maua na mbegu za mboga kando ya Arusha, na kwa miaka mingi ndege za nchi yao zimekuwa zikitua uwanja wa Kilimanjaro. Mgeni afikaye kwa rafiki haji mikono mitupu, na mkebe wa stroopwafel ni zawadi nyepesi mfukoni.

Tena kuna kopo moja la asili ya Uholanzi ambalo kila msomaji amelishika bila kujua. Blue Band, mafuta ya kupaka mkate, ilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1923. Leo kopo lake tupu ni kipimo cha karanga sokoni, ni chombo cha kuchotea maji, na ni chungu cha maua barazani. Hivyo ndivyo ilivyo huku kwetu: kitu hakihesabiwi kuwa kimekwisha kazi kwa sababu kilichokuwamo kimekwisha.

Habari iliyo bora kupita zote za mikebe ya biskuti katika Afrika ya Mashariki yatoka Buganda. Mwaka 1896 Biblia nzima ilikuwa tayari kwa Kiganda, kazi ya George Pilkington pamoja na Henry Wright Duta Kitakule, Mganda mwenye akili nyingi. Lakini palikuwa na adui asiyejali tafsiri nzuri wala mbaya, yaani mchwa. Kitabu kikilazwa juu ya rafu usiku mmoja tu, asubuhi chaweza kuonekana ni jalada tupu. Basi Biblia ile ilipigwa chapa kwa umbo la ajabu, nyembamba kwa upana, kama inchi 3, lakini nene sana, kusudi iingie sawasawa ndani ya mkebe wa biskuti wa Huntley & Palmers. Watu wakaiita Biblia ya mkebe wa biskuti. Biskuti zililiwa, mkebe ukawa nyumba ya Kitabu, na mchwa akakosa mlango.

Mwaka ule ule wa 1896, mwezi wa Oktoba, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa Akeri, na Wadachi wakawaadhibu Wameru na Waarusha kwa ukali mwingi. Hata mwaka 1902 ndipo misioni ilipojengwa Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru. Tangu siku hizo nyumba zetu zilianza kuwa na karatasi: cheti cha ubatizo, barua ya mwana aliye mbali, stakabadhi ya kodi, risiti ya kahawa, mapatano ya mpaka wa kihamba. Karatasi zilihitaji mahali pa kulala. Masika ya mlima wetu, tangu Machi hata Mei, hulowesha hata ukuta. Panya hawana adabu. Na mchwa wa Meru ni ndugu wa mchwa wa Buganda. Kwa hiyo mkebe wa biskuti ukawa sanduku la hati la nyumba isiyo na sanduku.

Hapa ndipo penye jambo zito. Twaijua nyumba moja katika miteremko ya Meru, ambayo hatutaitaja. Bibi wa nyumba alifariki, na baada ya maziko wajukuu wakasafisha chumba chake. Walikuta sufuria zilizotoboka, taa ya chemli isiyo na kioo, na mkebe wenye kutu pembeni, uliofungwa kwa uzi. Kijana mmoja aliutikisa, akasikia vifungo vikilia ndani, akasema, "Ni takataka za kushonea." Ukatupwa katika mkokoteni wa vyuma chakavu pamoja na sufuria. Miezi haikupita mingi, jirani akasogeza mpaka hatua kumi. Wazee wakakaa baraza, wakauliza, "Karatasi ya mapatano iko wapi? Marehemu alikuwa nayo." Mama mkubwa akajibu kwa sauti ndogo, "Baba zangu, alikuwa akiiweka chini ya vifungo, ndani ya mkebe." Hapana aliyesema neno tena. Mzee aliyekuwa shahidi wa mapatano alikwisha kufa, na nyumba ile ikapoteza migomba na mikahawa ambayo babu yao aliipanda kwa mkono wake.

Ndugu, thamani ya mkebe ule kwa kilo ya chuma haikufika bei ya kiberiti. Pengine mkusanyaji wa Ulaya angalitoa zaidi. Lakini wote wawili wangalinunua bati tu, na nyumba ingalipoteza yale yale.

Basi sheria ya kwanza ni hii: mkebe wowote wa marehemu usitoke mlangoni kabla ya kufunguliwa mbele ya watu wawili wa nyumba, na kila karatasi kusomwa. Inua hata kitambaa au karatasi iliyotandikwa chini, maana akina mama wa zamani walikuwa na siri zao za kuhifadhi.

Kama baada ya hayo mwapenda kujua umri wa mkebe, kuna alama zisizohitaji elimu kubwa. Msiamini picha. Viwanda vya leo hupiga chapa picha za zamani juu ya mikebe mipya kwa sababu wanunuzi huzipenda. Geuza mkebe utazame chini na ubavuni. Ukiona ile mistari myeusi membamba isomwayo na mashine ya dukani, jua kwamba haukutoka kabla ya miaka ya 1970, maana ilianza kutumika madukani Marekani mwaka 1974. Tena soma anwani. Uholanzi ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kutumia alama ya posta yenye tarakimu nne na herufi mbili. Mkebe wenye alama hiyo umefanywa miaka hiyo au baada yake. Tazama na maungo yake pia: mikebe mingi ya kale iliunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha, na mshono wake waonekana mnene. Wakusanyaji hupenda mkebe ambao kifuniko chake ni cha asili, rangi haikukwaruzwa, na kutu haikutoboa. Ukitaka kuuza, usiuze kwa mtu wa kwanza, wala usiuze peke yako. Uliza watu wawili watatu, na ndugu zako wajue.

Juu ya kutunza, shikeni haya. Usisugue mkebe kwa mchanga, majivu wala sufu ya chuma. Lile bati juu ya chuma ni jembamba mno; likikwaruzwa, chuma hubaki wazi na kutu huingia upesi. Futa kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kausha mara moja. Usiuweke juu ya sakafu ya udongo wala ukutani penye unyevu. Uweke juu ya ubao, mbali na ardhi. Karatasi zisilazwe juu ya bati lenyewe, bali zifungwe kwanza katika kitambaa safi cha pamba, na ziwe kavu kabisa kabla ya kufunika. Maana kifuniko kibanacho huzuia mvua isiingie, lakini huzuia vile vile unyevu usitoke. Wakati wa masika fungueni siku yenye jua, mpate kuingiza hewa, lakini msianike karatasi juani, wino usije ukafifia.

Tena kuna hatari mbili. Rangi nyingi za zamani, na ile risasi ya mishono, zaweza kuwa na sumu ya risasi. Kwa hiyo mkebe wa kale usiwe chombo cha chakula tena, wala mtoto asiunyonye. Na mkebe uliowahi kutiwa mrututu au dawa yoyote ya kahawa usirudi jikoni kamwe, hata ukioshwa mara saba. Tobooni, mkauzike.

Kwa waalimu twatoa shauri moja. Mpeni kila mtoto kazi ya kuuliza nyumbani: mkebe wetu wa kale kuliko yote ulitoka wapi, nani aliuleta, na ulikuwa na nini? Asilete mkebe wala karatasi za wazazi shuleni. Alete habari tu, ameiandika katika daftari. Mtapata somo la jiografia, la hesabu na la historia kwa siku moja, na mara nyingi mtoto ndiye atakayekuwa wa kwanza kumsikia bibi akieleza habari zile.

Na kwenu wazazi, jioni moja ya juma hili shusheni mkebe kutoka juu ya kabati. Andikeni katika karatasi moja orodha ya vilivyomo, na majina ya watu wawili wajuao mahali pake. Karatasi hiyo iwekwe juu kabisa, chini ya kifuniko, ili mtu afunguaye aione kabla ya vifungo na sindano. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutanena habari za kuhifadhi mbegu za maharagwe zisiliwe na dudu. Kaeni salama.